Hawali watoto wao: kuwaelewa samaki wa mawe wa Ziwa Tanganyika

Tangu uvuvi katika Ziwa Tanganyika uliposimamishwa kwa miezi mitatu mwaka 2024, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, mazungumzo kuhusu samaki Kigoma yamebadilika. Zamani watu waliulizana bei ya migebuka. Siku hizi wanaulizana samaki huzaa lini, huzaa wangapi, na kama miezi mitatu inatosha. Ni mabadiliko mazuri. Tatizo ni kwamba majibu yanayozunguka Kibirizi, Katonga na Ujiji yamechanganya samaki wenye maisha tofauti kabisa, na katika mchanganyiko huo yamezuka madai matatu yanayohitaji kunyooshwa. La kwanza, kwamba ziwa likifungwa samaki wote huongezeka kwa kasi moja. La pili, kwamba wale samaki wadogo wenye rangi wanaokaa kwenye mawe ya ufukweni hula watoto wao wenyewe. La tatu, kwamba kwa kuwa wageni huwanunua wakiwa hai na kuwasafirisha kwa ndege, lazima kuna kitu cha siri wanachokitoa ndani yao.

Madai yote matatu yanajibika ukishamjua samaki mwenyewe, kwa hiyo tuanze na yeye.

Sikilidi ni nani

Sikilidi ni ukoo mkubwa wa samaki wa maji baridi, na huenda umemla mmoja wiki hii. Sato wa Ziwa Victoria ni sikilidi. Perege wa bwawani ni sikilidi, na ngege wa kwenye matete ya midomo ya mito vilevile. Kuhe, yule samaki mkubwa mwenye mwili mrefu anayependwa sana Kigoma kwa minofu yake, naye ni sikilidi, tena ndiye mkubwa kuliko wenzake wote barani Afrika. Furu wa Mwanza na Bukoba wamo humohumo. Basi yule samaki wa urefu wa kidole anayezunguka mawe pale ufukwe wa Jakobsen ni ndugu wa sato uliyemkaanga, hata kama kwa macho hawafanani.

Ukitaka kuhakikisha, mkague samaki kabla ya kumparua magamba. Samaki wengi wana matundu mawili ya pua kila upande wa uso; sikilidi ana moja tu kila upande. Kisha fuata ule mstari wa vitundu unaopita ubavuni, ambao samaki huutumia kuhisi mtikisiko wa maji. Kwa sikilidi walio wengi mstari huo umekatika vipande viwili: kimoja kinapita juu karibu na mgongo, kingine kinaanza upya chini kidogo na kuishia mkiani. Mgebuka hayuko hivyo, kwa sababu yeye ni wa ukoo wa sangara. Dagaa naye ni wa ukoo wa saradini wa baharini. Wote wanavuliwa ziwa moja na kuuzwa soko moja, lakini kwa nasaba wako mbalimbali, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua mengi yatakayofuata.

Ziwa pana, sakafu nyembamba

Ziwa Tanganyika lina kina kinachofika mita 1,470 hivi, la pili duniani kwa kina baada ya Ziwa Baikal la Urusi, na urefu wa takriban kilomita 670 kutoka Burundi hadi Zambia. Mtu akisikia takwimu hizo hudhani samaki wana nafasi isiyo na mwisho. Lakini oksijeni inapatikana katika mita 100 hadi 200 za juu tu. Maji ya juu yana joto zaidi na ni mepesi, ya chini ni mazito, hayachanganyiki vya kutosha, na kule kwenye kina kirefu hakuna hewa ya samaki kuishi.

Kwa dagaa na mgebuka hilo si tatizo kubwa, kwa kuwa wao huishi katika maji ya wazi na hawahitaji kugusa chini. Ndiyo maana mitumbwi ya dagaa hutoka usiku wa giza kwenda mbali na ufukwe, huwasha taa na kuwaita juu. Sikilidi wengi wanahitaji chini. Wanahitaji jiwe la kujificha, mchanga wa kuchimba, mwani wa kukwangua. Na mwambao wetu unaporomoka haraka. Sehemu nyingine ukipiga makasia kidogo tu kutoka kwenye miamba, tayari sakafu iliyo chini yako haina uhai wa samaki. Kwa hiyo makazi ya samaki hawa ni ukanda mwembamba unaolizunguka ziwa, na ukanda huohuo ndipo tunapooga, tunapofulia, tunapovuta kokoro, yaani wavu wa kukokotwa chini, na ambako tope la milimani hutua kwanza.

Humo ndani wamo spishi, yaani aina, karibu 240 za sikilidi. Idadi hiyo inatoka katika utafiti mkubwa wa vinasaba ulioongozwa na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Basel, Uswisi, uliochapishwa mwaka 2021, na karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani. Utafiti huo ulionyesha pia kwamba utajiri huu haukuletwa na mito kutoka nje ukiwa tayari umeiva. Ulichipuka humuhumu ziwani, katika muda usiozidi miaka milioni 10. Ziwa lenyewe linakadiriwa kuwa na umri wa kati ya miaka milioni 9 na 12, kwa hiyo samaki hawa na ziwa lao wamekua pamoja.

Kinu kilicho kooni

Iliwezekanaje ukoo mmoja ukagawanyika hivyo wakati koo nyingine za samaki katika maji hayohayo zilibaki na spishi chache? Jibu halina neno moja, lakini sehemu yake kubwa unaweza kuishika mkononi. Siku nyingine ukila kichwa cha sato, chokonoa nyuma ya matamvua, pale koo linapoanzia. Utapata mfupa mdogo mgumu wa pembetatu uliojaa vimeno. Hiyo ni taya ya pili. Samaki wengine wengi wana meno ya kooni pia, lakini ya sikilidi yameungana na kupata misuli yenye nguvu kiasi kwamba yanaweza kusaga na kupasua chakula yenyewe, bila msaada wa mdomo wa mbele.

Chukua kaya yenye kinu nyumbani. Anayekwenda shamba hahitaji chombo kinachovuna na kutwanga kwa pamoja. Anachukua kisu, mundu, jembe au kapu kulingana na kilichoiva, kwa sababu kazi ya kutwanga inamsubiri nyumbani. Koo la sikilidi ndicho kinu. Taya ya mbele, ikiwa imetuliwa mzigo wa kusaga, ilibaki huru kuwa chombo cha kuvunia tu, na kila kundi la samaki likaunoa mdomo wake kwa zao lake.

Katika ziwa letu mazao hayo ni mengi. Kuna Tropheus, samaki mnene wa kwenye mawe, ambaye mdomo wake mpana umeelekea chini ili akwangue mwani juu ya jiwe bila kuinama sana. Kuna Eretmodus, anayeishi pale mawimbi yanapopiga, na ambaye kibofu chake cha hewa kimepungua hata akawa mzito; badala ya kuelea, huruka kutoka jiwe hadi jiwe na maji hayambebi. Yuko mwenye midomo minene anayeibandika kwenye ufa wa mwamba, akaziba kingo zake, kisha akavuta kilichomo. Wapo wanaopasua konokono, wanaochuja mchanga, wanaonyemelea vifaranga vya wenzao.

Na yupo mla magamba. Huyu, Perissodus, hali nyama ya samaki mwingine. Humvamia kwa nyuma, humng'oa magamba machache ubavuni na kukimbia. Mdomo wake umepinda upande. Wengine wamepinda kulia, na hao hushambulia ubavu wa kushoto wa windo. Wengine wamepinda kushoto na hushambulia ubavu wa kulia. Mwanasayansi wa Japani, Michio Hori, alionyesha mwaka 1993 kwamba katika Ziwa Tanganyika makundi haya mawili hubaki karibu nusu kwa nusu, yakipishana kidogo mwaka hadi mwaka. Wenye mdomo wa kulia wakizidi, samaki wanaowindwa hujifunza kuchunga zaidi ubavu wa kushoto, na wale wachache wa mdomo wa kushoto wanapata kula. Wakiongezeka wao, mambo yanageuka. Mimi sijui mfano mwingine unaoonyesha kwa uwazi kama huu kwamba kuwa tofauti na walio wengi kunaweza kuwa chakula.

Mchanga ni mpaka

Mdomo peke yake haujibu kila kitu. Tropheus wote wanakula mwani wa mawe, lakini kuna zaidi ya namna mia moja za rangi zao kuzunguka ziwa: kahawia, nyeusi, njano, nyekundu, wenye mkanda mmoja kiunoni, wasio na mkanda. Mkoa wa Kigoma una Tropheus duboisi, ambaye akiwa mdogo ni mweusi mwenye madoa meupe mwili mzima, na akikua hupata kichwa cha buluu na mkanda mweupe au wa njano. Mtu asiyejua angeapa kwamba mtoto na mzazi ni samaki wawili tofauti.

Sababu ya rangi kuwa nyingi hivyo ni woga, na woga wenye busara. Tropheus haachi mawe. Ghuba yenye mchanga mtupu haivuki, kwa sababu pale hakuna pa kujificha na hakuna mwani wa kukwangua. Mdomo wa Mto Malagarasi kule Ilagala, pamoja na tope lake, ni mpaka mkubwa zaidi. Basi samaki wa mwamba huu na wa mwamba ule ng'ambo ya ghuba wanaweza kukaa maelfu ya miaka bila kuoana, kila upande ukichagua rangi zake.

Kuna kilichowahi kuwachanganya na kuwatenganisha tena, nacho ni maji yenyewe. Wakazi wa Kigoma wameona kwa macho yao ziwa likipanda miaka ya karibuni na kumeza fukwe na majengo. Katika historia ndefu ya ziwa, maji yamewahi kushuka kwa mamia ya mita. Kila yaliposhuka, miamba ya zamani ikawa nchi kavu na samaki wakasogea; kila yalipopanda, wakagawanyika upya kwenye mawe mapya. Sehemu ya wingi wa spishi hizi imetengenezwa na kupanda na kushuka huko.

Mama anayefunga mdomo

Sasa tufike kwenye dai la pili, lile la kula watoto. Walioliona hawakuota. Mvuvi anamtoa samaki kwenye wavu, samaki anafungua mdomo, na vifaranga wanamwagika. Au mama anaandaa samaki jikoni, anapasua kichwa, anakuta mayai makubwa ya rangi ya njano yamejaa kinywani. Au watoto wanaochezea maji karibu na mawe wanaona kundi la vifaranga likimkimbilia samaki mkubwa, na yeye anawameza wote kwa sekunde chache. Ni nani asingesema anawala?

Anachofanya ni kulea. Sikilidi wengi wa ziwa hili, pamoja na sato na ngege, huatamia mayai mdomoni. Jike hutaga yai au mayai machache, hugeuka papo hapo na kuyachukua kinywani, kisha hutaga tena. Yakishakuwa yote ndani, hufunga mdomo na kuanza kuyageuzageuza polepole ili yapate hewa na yasioze. Mayai huanguliwa humo, vifaranga hukua humo wakitumia kiini cha yai, na kwa spishi nyingi kazi hii huchukua wiki mbili hadi nne. Muda huo mama hali, au hula kidogo sana. Utamjua kwa kidevu kilichovimba na mashavu yanayotikisika, na kwa jinsi anavyokaa pembeni wakati wenzake wanakula.

Yai linarutubishwaje kama limeshaingia mdomoni? Hapa samaki hawa wana ufumbuzi wa ajabu. Madume wa spishi kadhaa wana madoa ya njano au ya machungwa kwenye pezi la chini, yenye ukubwa na umbo la yai. Wengine wana mapezi marefu ya tumboni yanayoishia na vitone viwili vya njano. Jike akiona vitone hivyo hudhani ni mayai aliyoyasahau, husogea kuyaokota, na hapo dume humwaga mbegu zake; zinaingia mdomoni mwa jike na kurutubisha mayai yaliyomo. Madume wa aina hiyo hutumia siku nyingi kuchimba shimo la duara kwenye mchanga, kubwa kuliko mwili wao mara nyingi, wakibeba mchanga mdomo kwa mdomo, kwa ajili ya tendo la dakika chache.

Tropheus ameenda mbali zaidi. Jike wake hutaga mayai machache mno, kwa kawaida hayafiki ishirini, lakini kila moja ni kubwa, la milimita saba hivi. Huyatunza kwa takriban mwezi. Katika siku za mwisho, mama ambaye mwenyewe alikuwa hali huanza tena kukwangua mwani, na chakula hicho wanakula vifaranga waliomo mdomoni. Yaani mtu anayemwona jike wa Tropheus akila huku mashavu yamejaa, anamwona akiwalisha watoto. Kwa Eretmodus, wa mawimbini, kazi imegawanywa: mama huanza, na katikati ya safari humkabidhi baba mzigo, mdomo kwa mdomo, naye anamalizia.

Vifaranga wakiachiwa, kwa spishi nyingi mama haondoki mara moja. Hatari ikija, huinamisha kichwa, na wao huingia tena mdomoni. Hilo ndilo tukio linaloonekana ufukweni na kuitwa ulaji.

Ukweli uliomo katika dai hilo ni mdogo lakini upo: jike aliyesumbuliwa sana, aliyevuliwa au kuhamishwa, anaweza kutema mayai yote au kuyameza. Ni jambo la dhiki. Anayeliona kwenye ndoo ya maji asidhani kwamba ndivyo ilivyo chini ya mwamba.

Na malezi haya yana mwizi wake. Kuna gogogo, samaki wa jamii ya kambare, mdogo mwenye madoa meusi ambaye huvizia sikilidi wanapotaga, hupita kwa kasi katikati yao, hula baadhi ya mayai na kuacha yake. Jike wa sikilidi, akiharakisha kuokota, huokota na ya mgeni. Mayai ya gogogo huanguliwa mapema, na vifaranga vyake huwala watoto halali mmoja baada ya mwingine ndani ya kinywa cha mama yao, ambaye anaendelea kukifunga akiamini analinda wanawe. Tabia hii ilielezwa kisayansi na Mjapani Tetsu Sato mwaka 1986, na ilikuwa mara ya kwanza kuonekana kwa samaki tabia ambayo ilijulikana zaidi kwa ndege.

Si sikilidi wote wanaotumia mdomo. Kuhe hutaga maelfu ya mayai kwenye sakafu wazi, na baba na mama hukaa juu yake, kisha juu ya wingu la vifaranga, kwa wiki kadhaa, bila kula. Wapo wadogo wasiofika sentimita tano wanaoishi kwenye maganda matupu ya konokono yaliyotapakaa chini, familia nzima ikiwa na kitongoji chake cha maganda. Katika spishi moja ya jamii hiyo dume hukusanya maganda kwa kuyabeba mdomoni, na ana uzito wa zaidi ya mara kumi ya jike, kwa sababu yeye lazima aweze kulibeba ganda na jike lazima aweze kuingia ndani yake. Madume huibiana maganda, wakati mwingine jike akiwa bado yumo. Na wapo wanaokaa kwa ukoo kwenye mwanya wa mwamba, ambapo kaka na dada wakubwa hubaki nyumbani kufagia mchanga, kupunga mayai kwa mapezi na kufukuza wavamizi, wakilea wadogo zao kabla ya kuanza kuzaa wenyewe.

Samaki anayehesabu nani ni nani

Kuishi kwa msongamano hivyo kunahitaji kumbukumbu. Katika maji mafupi yenye majani kuzunguka ziwa hili na mito yake anaishi sikilidi mdogo anayeitwa Astatotilapia burtoni. Madume wake wamegawanyika: wachache wana eneo, rangi kali na mstari mweusi machoni, wengine ni wa kijivu na wanakaa kimya. Mwenye eneo akiondolewa, wa kijivu hubadilika rangi ndani ya dakika, na katika siku zinazofuata viungo vyake vya uzazi hukua.

Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walimwachia dume mmoja atazame mapigano ya wenzake watano. Aliona wa kwanza akimshinda wa pili, wa pili akimshinda wa tatu, hivyo hadi wa tano. Hakuwahi kuwaona wa pili na wa nne wakikutana. Alipowekwa kati ya hao wawili, alisogea upande wa wa nne, yule dhaifu, ambaye ni salama zaidi kuwa jirani yake. Alikuwa ameunganisha aliyoyaona na kupata jibu ambalo hakuna aliyemwonyesha. Nalitaja jaribio hili kwa sababu bado tunaongea kuhusu samaki kama vitu visivyo na kitu kichwani, na huyu ni samaki wetu wa matopeni.

Miezi mitatu inamfaa nani

Turudi kwenye kufungwa kwa ziwa. Dagaa huanza kuzaa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na maisha yake yote ni ya takriban mwaka au zaidi kidogo. Anataga mayai mengi kwenye maji ya wazi na hayalindi. Samaki wa namna hiyo akipumzishwa miezi michache, hasa wakati upepo wa kusi unapochanganya maji na kuleta juu chakula cha vijidudu vya majini, anaweza kurudi kwa wingi. Hiyo ndiyo hesabu iliyo nyuma ya mapumziko waliyokubaliana Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Anayepinga kwa kusema samaki hawezi kuongezeka kwa miezi mitatu anakosea kuhusu dagaa.

Ila anayesema wote wataongezeka hivyohivyo anakosea kuhusu sikilidi wa mawe. Chukua Tropheus. Mayai chini ya ishirini, mwezi mzima wa kuyabeba, kisha muda wa kurudisha mwili kabla ya kutaga tena, na hana msimu mmoja, huzaa mwaka mzima. Jike mmoja akikamatwa na kokoro akiwa na mdomo uliojaa, mwamba umepoteza mama na kizazi kizima cha mama huyo. Na hakuna wa kuja kuziba pengo, kwa sababu wa mwamba wa jirani hawavuki mchanga. Samaki wa namna hii hafaidiki sana na tarehe kwenye kalenda. Anafaidika na mahali palipoachwa mwaka mzima. Ndiyo maana ule ukanda wa maji wenye upana wa kilomita 1.6 ulio ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, ambamo uvuvi hauruhusiwi, una maana kubwa kwao kuliko mapumziko yoyote ya ziwa zima. Ndiyo maana pia marufuku ya kokoro na ya kuvulia vyandarua haina likizo: vyombo hivyo hukokota sakafu ileile finyu iliyo na hewa.

Kuna jambo jingine ambalo kufunga ziwa hakuligusi kabisa, nalo ni tope. Kilima kikikatwa miti, mvua hushusha udongo hadi kwenye mawe. Udongo hufunika mwani, huziba mianya wanamojificha wadogo, na huchafua mwanga. Hilo la mwanga si dogo. Katika Ziwa Victoria watafiti walionyesha mwaka 1997 kwamba maji yalipopoteza uangavu, majike wa furu walishindwa kutofautisha rangi za madume, wakaoana ovyo, na spishi zilizokuwa tofauti zikaanza kuyeyukiana. Maji ya Kigoma ni angavu kiasi kwamba mtu aliyesimama juu ya mwamba anaweza kuona chini mita kadhaa. Uangavu huo ni mojawapo ya vitu vinavyosaidia kuziweka spishi hizi kila moja mahali pake, na unalindwa mlimani zaidi ya ziwani.

Wanaouzwa wakiwa hai

Limebaki dai la tatu. Hakuna kinachotolewa ndani ya samaki hawa. Wanauzwa kama samaki wa mapambo, kwa watu wa Ulaya, Marekani, Japani na kwingineko wanaofuga samaki kwenye matangi ya kioo nyumbani na wanaopenda kuangalia hayo niliyoyaeleza: kuchimba mchanga, kugombania maganda, kufunga mdomo. Ni biashara inayohitaji leseni na vibali vya serikali. Mvuvi wake ni mzamiaji, na kifaa chake ni wavu mdogo.

Bei inatokana na mahali samaki alikotoka. Mfano mzuri ni frontosa, sikilidi mkubwa mwenye nundu kichwani na mistari myeusi mwilini, anayekaa kwenye mawe ya chini kuliko wengi wa wenzake. Sehemu nyingi za ziwa ana mistari sita. Wa Kigoma ana saba, na wafugaji wa mbali wanaomtafuta humwita kwa jina la mji wetu. Ndivyo ilivyo kwa Tropheus pia: huuzwa kwa jina la kijiji kilicho karibu na mwamba wake.

Hapo ndipo ilipo hatari ya kweli ya biashara hii, tofauti kabisa na ile inayonong'onwa. Wa miamba tofauti wanaweza kuzaliana wakiwekwa pamoja. Samaki aliyekamatwa kusini, akaletwa mjini kusubiri ndege, akakosa mnunuzi na kumwagwa kwenye ghuba iliyo karibu, hafi lazima. Anaweza kuishi, akaoana na wenyeji, na katika vizazi vichache rangi iliyochukua maelfu ya miaka kujitenga ikapotea, bila mvuvi yeyote kutupa wavu. Anayekusanya samaki hawa anapaswa kuandika kila ndoo imetoka mwamba gani, na ambaye hakuuzwa arudishwe kwenye mwamba huohuo, hata kama safari ya boti ni ndefu.